Je, ua la ukutani ndilo linalopasua msingi wa nyumba yetu?

*Shikamoo mtaalamu. Nyumba yetu iko Iringa mjini, Kihesa. Ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo na kupigwa lipu ya saruji, na msingi wake ni wa mawe; baba aliijenga mwaka 1988. Mama alipanda ua lile linalotambaa, lenye majani madogo madogo, kwenye ukuta wa nyuma unaotazama kusini, na sasa limefika kwenye fisha bodi na limeanza kuingia chini ya bati. Kwenye kona kuna bogenvilia kubwa, na mdogo wangu amepandisha pasheni kwenye chanja karibu na shimo la maji machafu. Mwaka huu, masika yalipokwisha, tumeona ufa unaoanzia kona ya chini ya dirisha la chumba cha mama na kushuka kuelekea msingi, na ndani ya chumba hicho rangi imebanduka kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti. Fundi anasema mizizi ya ua hilo inakula msingi, kwa hiyo tuling'oe lote wiki hii, kisha tumwage chumvi na oili chafu shinani lisiote tena. Mama hataki kusikia habari hiyo, maana alilipanda mwaka ule baba alipofariki. Je, ni kweli mizizi inaweza kupasua msingi? Na kama ni lazima liondoke, tuliondoeje bila kuharibu ukuta?*

Marahaba. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kwamba ndani yake mna mambo matatu ambayo fundi wenu ameyafunga mzigo mmoja: kuna ufa, kuna unyevu, na kuna mmea. Inawezekana yanahusiana, lakini hayahusiani kwa njia aliyoieleza. Kabla sijaeleza lolote, naomba jambo moja: msing'oe kitu wiki hii, na chumvi na oili chafu zisisogezwe kabisa karibu na ukuta huo. Sababu nitazitaja mbele. Kwa maelezo uliyonipa, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni maji yanayotua miguuni mwa nyumba, na ua la mama namwona zaidi kama pazia lililowazuia kuyaona kwa miaka mingi. Hata hivyo sijaufikia ukuta wenu, kwa hiyo nitawaonyesha namna ya kunihakikisha au kunikanusha kwa vipimo mnavyoweza kufanya wenyewe.

Nianze na mizizi, kwa kuwa ndiyo iliyowatia hofu. Watu wengi hudhani mzizi hutoboa ukuta kama msumari. Ncha ya mzizi ni laini, na haina uwezo wa kutoboa jiwe wala zege zima. Inachofanya ni kufuata unyevu na hewa, na inapokuta uwazi, hata mwembamba kama unywele, hujipenyeza. Madhara huanza baadaye, pale mzizi uliokwisha kupenya unaponenepa mwaka hadi mwaka na kusukuma pande zote mbili za uwazi huo. Kwa hiyo msingi mzima uliojengwa kwa saruji nzuri hauna sababu ya kuogopa mmea unaotambaa. Msingi wa mawe uliojengwa kwa udongo, au ambao saruji yake imekwisha kumung'unyika kwa maji, ni habari nyingine, kwa sababu milango ipo tayari. Hapo mzizi haukuanzisha ubovu, ila unaweza kuukuza. Ua lenu, kama ni lile ninalolidhania, kitaalamu huitwa Ficus pumila, na ni ndugu wa mkuyu. Kwa undugu huo fundi wenu hajakosea kulitazama kwa shaka, maana jamii hiyo ina mizizi yenye nguvu na shina linaloendelea kunenepa hata likiwa limebanwa na ukuta.

Njia ya pili ambayo mimea huathiri misingi haihusu kusukuma, inahusu kunywa. Kuna udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na udongo wa namna hiyo ukikaushwa upande mmoja wa nyumba, msingi wa upande huo hushuka kidogo na ukuta hupasuka. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa bonde la Usangu, una tabia hiyo waziwazi. Wakazi wa huko wanajua jinsi ardhi inavyofunguka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Udongo mwekundu wa miinuko ya Iringa mjini hausinyai kwa kiwango hicho, na udongo mwepesi wa volkano wa kuzunguka Rungwe ndio kabisa. Tena kwa kawaida miti mikubwa ndiyo hunywa maji ya kutosha kuleta shida hiyo, kuliko ua la ukutani. Kwa sababu hizo siiweki njia hii mbele kwenu, ingawa kwa msomaji aliyejenga juu ya udongo mweusi ningeiweka ya kwanza.

Sasa tuje kwenye maji. Mvua ya milimita moja juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua paa la kawaida la mita 10 kwa 10: mvua moja ya jioni ya milimita 20, ambayo kwetu Nyanda za Juu Kusini si ya ajabu mwezi wa Januari, humwaga lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Nusu yake, ndoo 50, huteremka upande mmoja wa paa. Kama hakuna gata, au gata ipo lakini imejaa majani ya ua lile lile, ndoo hizo 50 hutua kwenye mstari mwembamba kandokando ya msingi, na huendelea hivyo kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Hujataja gata katika barua yako. Nenda ukaangalie mahali maji yanapoangukia, na hasa kama yanaangukia karibu na dirisha la mama, kwa sababu ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari, ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, kwa kawaida husema kwamba kipande cha msingi cha upande huo kimelala kidogo kuliko wenzake. Udongo ulioloa kupita kiasi hulegea na kutitia, na mawe yaliyofungwa kwa udongo huoshwa taratibu kutoka kati yake.

Unyevu wa ndani nao una ushahidi wake. Kama ua lingekuwa linashikilia mvua ukutani na kuipenyeza ndani, ungeona mabaka huku na huku, mengine juu karibu na linta, mengine pembeni mwa dirisha. Wenu unaanzia sakafuni na kuishia gotini. Huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, ukinyonywa na matofali kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na mahali unapokaukia huacha chumvi nyeupe inayobandua rangi. Ukipapasa ukuta utaiona ikibaki vidoleni kama unga. Nyumba nyingi za miaka hiyo zilijengwa bila ile karatasi ya kuzuia unyevu ambayo mafundi huiita DPC, na hata zile zilizowekewa, mara nyingi wenye nyumba wameizika bila kujua. Ninachokiona tena na tena Iringa na Mbeya ni hiki: mama au bibi anapanda maua kandokando ya ukuta, kila mwaka anaongeza samadi na udongo, anapanga mawe au chupa pembeni ili kitalu kisimomonyoke, na baada ya miaka kumi na tano udongo uko juu kuliko sakafu ya ndani. Kisha wakati wa kiangazi humwagilia kila jioni, na nyumba hunywa pamoja na maua. Tafadhali pima: udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya sakafu ya ndani, au chini ya DPC kama ipo, kwa sentimita 15 angalau.

Kuhusu namna ua linavyoshika ukuta, mimea itambaayo haishiki kwa njia moja, na ni vizuri kuitofautisha kwa sababu madhara yake yanatofautiana. Pasheni hushika kwa nyuzi zinazojisokota kama springi, na ukuta mtupu hauwezi kuupanda hata kidogo. Yasmini hujizungusha kwenye nguzo. Bogenvilia haina mshiko wowote, huegemea tu na kujikwaza kwa miiba. Ua lenu ni la kundi jingine: kila pingili hutoa mizizi midogo inayojibandika moja kwa moja juu ya lipu. Charles Darwin, aliyeandika kuhusu mimea ya kutambaa mwaka 1865, alichunguza mizizi hiyo ya mmea huu huu na kukuta ikitoa matone ya utomvu unaonata, wenye asili ya mpira. Ndiyo maana ukilibandua likiwa hai halikubali kuachia. Huondoka na kile lilichokishika.

Hilo najua kwa gharama. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliitwa kwenye nyumba moja ya zamani hapa Mbeya, mwenye nyumba akitaka ukuta uwe safi kabla ya harusi ya bintiye. Nilikuwa na vijana wawili na ngazi. Tulishika matawi ya juu, tukavuta kwa pamoja, na ua likashuka vizuri kama mkeka unaokunjwa, pamoja na lipu yenye ukubwa wa mlango, na nyuma yake udongo wa kati ya matofali ukamiminika kama mchanga. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nililipa lipu hiyo mimi, na harusi ilifanyika ukuta ukiwa bado mbichi na haujapakwa rangi.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili pia. Huko Uingereza watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Heather Viles, walifanya uchunguzi kwa English Heritage, shirika la urithi la huko, kuhusu aivi kwenye majengo ya kale, mmea unaojibandika kwa mizizi kama wa kwenu. Walikuta kwamba pale ukuta ulipokuwa mzima, mmea uliukinga na mabadiliko makali ya joto na unyevu, na kwamba madhara yalijitokeza hasa pale ukuta ulipokuwa na nyufa na mashimo ambamo mizizi iliweza kuingia na kunenepa. Majani yaliyopangana kama magamba humwaga sehemu kubwa ya mvua nje. Kwenye ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri mwezi wa Oktoba, ua kama hilo hupunguza joto la chumba kwa namna unayoihisi ukiweka kiganja ukutani. Kwa bahati mbaya ukuta wenu unatazama kusini. Kwenu Iringa, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta huo haupati jua la maana katika miezi ile ile ya kiangazi ambayo ungetakiwa kukauka. Kivuli cha ua hapo hakiwasaidii kitu, na upepo ambao ungekausha ukuta unazuiwa na majani. Jambo hilo moja linanisogeza upande wa fundi wenu kuliko habari yote ya mizizi.

Kuna na suala la bati. Ua hili lina maisha mawili. Likiwa linapanda huwa na majani madogo yaliyolala ukutani, lakini likifika juu na kupata mwanga hubadilika: hutoa matawi manene yanayosimama mbali na ukuta, majani makubwa ya ngozi ngumu, na hata matunda yanayofanana na tini. Ukiona majani ya aina mbili kwenye mmea mmoja, usidhani kuna mgeni ameota. Matawi hayo ya juu ndiyo yanayoinua bati, yanayoziba gata, na yanayompa panya ngazi ya kuingilia darini. Hayo yakatwe mara moja, lolote mtakaloamua kuhusu mengine, na baada ya hapo ua lisiruhusiwe kupita nusu mita chini ya fisha bodi. Wakati mnakata, tazameni kama kuna vinjia vya udongo vya mchwa vinavyopanda ukutani nyuma ya majani. Mchwa hupenda sana pazia la namna hiyo, na mbao za paa la mwaka 1988 wangezifurahia.

Kabla ya uamuzi mkubwa, fanyeni vipimo vinne. Cha kwanza, chukua sarafu au mpini wa kisu, gonga lipu katikati ya matawi, kutoka chini kwenda juu. Lipu iliyoshika hutoa sauti fupi na ngumu. Iliyoachia huita kama debe tupu. Weka alama ya chaki kila inapoita, kisha rudi nyuma utazame ramani uliyoichora. Cha pili, kwenye ufa, chora mstari mfupi wa penseli pale unapoishia juu na pale unapoishia chini, andika tarehe, na pima upana wake katikati kwa rula. Rudia kila mwezi hadi masika yajayo yaishe. Ufa uliotulia na ufa unaotembea ni magonjwa mawili tofauti. Cha tatu, ndani ya chumba, kwangua rangi iliyobanduka sehemu ya sentimita 30 kwa 30, bandika kipande cha nailoni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, na ukiangalie baada ya siku mbili. Maji yakiwa upande wa ukutani, ukuta wenyewe unayatoa. Yakiwa upande wa chumbani, ni jasho la baridi ya Juni na pumzi za waliolala, na dawa yake ni kufungua dirisha.

Kipimo cha nne kinataka jembe na subira. Umbali wa hatua moja kutoka kwenye shina la ua, chimba shimo dogo la nusu mita kwa nusu mita kando ya msingi, lenye kina cha sentimita 60 hivi, au pungufu kama msingi umeishia juu zaidi, kwa maana hamtakiwi kamwe kuchimba chini ya kitako chake. Msichimbe mtaro mrefu kandokando ya ukuta, kwa kuwa udongo huo ndio unaoubana msingi. Tazama mizizi inaelekea wapi. Ikiwa inapita sambamba na mawe na kuendelea na safari yake, mmekwishajibiwa. Ikiwa inaingia kati ya mawe na ina unene wa kidole, fundi wenu ana hoja. Tazama pia udongo wenyewe: kama ni Juni, wiki kadhaa tangu mvua ikatike, na bado unafinyangika mkononi, tafuteni bomba linalovuja, au ulizeni maji ya bafuni yanapita wapi kabla ya kufika shimoni. Bomba la maji machafu lililoachia kiungo limewahi kunipotezea siku mbili za kulaumu maua yasiyo na kosa.

Baada ya hayo, uamuzi wangu ungekuwa hivi. Kama lipu inaita sauti nzuri sehemu kubwa ya ukuta, na mizizi haijaingia kwenye mawe, ningeliacha ua, nikalikata likaishia kwenye kimo cha madirisha, nikaondoa udongo uliorundikana, nikatengeneza gata, na kusubiri masika moja nione ufa na unyevu vinasemaje. Kama lipu inaita kama debe sehemu kubwa, na hilo ndilo ninalolitarajia kwa nyumba iliyojengewa udongo, basi ua liondoke kwenye ukuta wa nyumba, kwa utaratibu na si kwa hasira. Njia ya katikati inayopendekezwa na wengi, ya kulibandua na kulihamishia kwenye fremu ya mbao mbele ya ukuta ule ule, siipendi kwa mmea huu: utarudi ukutani kabla ya mwaka kwisha. Fremu iliyoachana na ukuta kwa sentimita 15 ni nzuri kwa yasmini na mingine inayojizungusha, ikipandwa nusu mita au zaidi kutoka msingi.

Kalenda yetu ya mvua inawasaidia. Mwishoni mwa Juni kateni mashina yote, sentimita 30 kutoka ardhini, na muondoe kipande chenye urefu wa kiganja ili mwone wazi kwamba hakuna kinachounganisha juu na chini. Vaeni glavu na mikono mirefu, kwa sababu utomvu wake mweupe huwasha ngozi, hasa ukipigwa na jua, na usiingie machoni. Kisha liacheni. Majani yatanyauka na kuwa ya kahawia, na kama kuna sehemu itakayobaki ya kijani baada ya wiki sita, hiyo imeota mizizi ndani ya ukuta na inajitegemea. Mtakuwa mmegundua pasipo kubahatisha mahali penye ubovu. Ifikapo Septemba mizizi midogo imekauka na kupoteza nguvu. Kateni matawi vipande vifupi kwa mkasi wa miti, mbandue kuanzia juu kwenda chini kwa mwiko butu, na masalia myasugue kwa brashi ya waya, kikavu. Msitumie mashine ya maji ya kasi, itawaoshea udongo wote wa kati ya matofali. Mzizi mnene ulioingia kwenye mawe usivutwe. Ukatwe usawa wa jiwe, uachwe uoze, kisha nafasi yake ijazwe.

Kisiki kinachobaki ni bora kichimbuliwe kwa mkono. Kama kimebanwa na msingi na hakichimbuliki, kuna viuagugu vyenye glaifoseti kwenye maduka ya pembejeo. Hupakwa kwa brashi juu ya jeraha jipya, dakika chache tu baada ya kukata, bila kupulizia hewani. Nunueni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mfuate maelezo ya lebo. Chumvi ambayo fundi alipendekeza itanyonywa na matofali na kurudi chumbani kwa mama kama unga mweupe kila masika, kwa miaka. Mtakuwa mmejitengenezea ugonjwa ule ule mnaoutibu. Oili chafu huharibu udongo usiote kitu, hupakaa ukuta mafuta yanayokataa lipu na rangi, na kama kisima kiko jirani ni hatari. Moto nao usithubutu, hata kama ua limekauka kabisa: juu yake kuna fisha bodi na mbao.

Lipu mpya ipigwe Oktoba, ukuta ukiwa umepata wiki kadhaa za kukauka ukiwa wazi. Mwambieni fundi asiweke saruji nyingi. Mchanganyiko mkali juu ya matofali laini yaliyojengewa udongo hufunga unyevu ndani na kuachia tena. Saruji moja, chokaa moja na mchanga sita huuacha ukuta upumue. Ufa nao kwa sasa uzibwe kwa chokaa na mchanga tu, usinywe mvua, mpaka vipimo vya penseli viseme umetulia. Pembeni mwa nyumba ondoeni udongo uliozidi, muuchongee mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita kwenda mbali na ukuta, na nusu mita ya kwanza muijaze kokoto badala ya maua.

Bogenvilia ibaki. Haishiki ukuta, na ukiipogoa baada ya kuchanua, ukaifunga kwenye nguzo iliyojitegemea, haitawasumbua, ila matawi yasiguse waya wa umeme; yakishaufikia, waiteni TANESCO, msipande wenyewe na panga. Pasheni ya mdogo wako haina nguvu ya kupasua chochote na kwa kawaida huchoka baada ya miaka michache, lakini chanja yake isiegemee kwenye mfuniko wa shimo, maana siku ya kulinyonya mtaivunja.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi. Kama ufa unazidi milimita 5, au unaongezeka kutoka mwezi hadi mwezi, kama upande mmoja wa ufa umejitokeza mbele kuliko mwingine, kama mlango au dirisha ambalo lilikuwa linafunga sasa linakwama, au kama ukuta umefanya kitambi ukiutazama kutoka pembeni, mwiteni mhandisi wa majengo afike, na mama ahamie chumba kingine wakati mnamsubiri. Anzeni na ofisi ya mhandisi wa halmashauri, watawaelekeza. Kwa walioko upande wa Mbeya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kina wataalamu wa fani hiyo. Kama mtakuta mizizi minene imeingia katikati ya mawe kwa urefu wa zaidi ya hatua mbili, mwiteni hata kama ufa ni mwembamba, kwa kuwa kuiondoa huko ni kazi ya kushikilia msingi kwa vipande, na haifai kujifunzia.

Kwa mama yako, fikisha salamu zangu, na kabla mkasi haujagusa shina, mwombeni achague yeye mwenyewe matawi ya kupanda upya. Yachukuliwe yale machanga yenye majani madogo, urefu wa kiganja na nusu, yenye pingili tatu au nne. Majani makubwa ya juu hayafai, huota kichaka kisichotambaa. Ondoeni majani ya chini, mchomeke pingili mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji ndani ya kopo lenye matundu, muweke kivulini mahali pasipopigwa na baridi ya asubuhi, na mfunike kwa nailoni ili unyevu usipotee. Kwa ubaridi wa Juni na Julai yatachelewa, pengine hadi Septemba, kwa hiyo msiyavute kila wiki kuangalia kama yameshika. Desemba, mvua zikishashika, yapandwe kwenye uzio wa mawe ulio mbali na nyumba, kama mnao, upande ambao mama anauona akikaa barazani.